MVUA ZA MASIKA NA MIBUNI YA MLIMANI

Mvua za masika zianzapo mwezi wa Machi huko Murang'a, mkulima wa kahawa hufurahi, na ni haki yake. Lakini na ateremke mtoni baada ya mvua kubwa, atazame rangi ya maji. Wekundu ule ni udongo wa shamba lake. Mizizi ilishayo mbuni hukaa karibu na uso wa ardhi. Basi udongo wa juu ukichukuliwa, mti hubaki umesimama huku majani yakigeuka manjano na buni zikipungua.

Dawa yake ni kulima kwa ngazi, kila moja ikizunguka kilima kwa usawa na kuinama kidogo upande wa mlimani, ili maji yatulie na kunywewa na ardhi. Katika miaka ya 1940 watu wa Murang'a walichimbishwa ngazi kwa amri ya serikali, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake; mwaka 1948 wao walikataa waziwazi. Amri ile ilichukiwa kwa haki, bali ngazi zenyewe hazina hatia.

Kuupata usawa si kazi ya mashine. Mkulima hufunga pamoja vichwa vya fito mbili ndefu, akazipanua miguu na kukaza ufito wa tatu katikati. Kutoka kileleni hutundika uzi wenye jiwe. Husimamisha chombo hicho juu ya vigingi viwili, akatia alama mahali uzi ukatapo ufito wa kati. Kisha hukigeuza, mguu wa kulia ukae penye wa kushoto, akatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Kuchimba kwenyewe hufanywa kiangazi. Achimbaye katika masika huchimba matope.

Ardhi ikiisha kulowa, hutandazwa mabua ya mahindi au nyasi za Napier, zikiwa zimekaushwa juani kwanza, la sivyo zitachipua. Matandazo yasiguse shina, wala jembe la palizi lisizame sana.

Baada ya kila mvua kubwa hapana budi kuzikagua ngazi zote. Penye ukingo uliobomoka pazibwe siku iyo hiyo, kwa maana maji yapitayo hapo hubomoa ngazi ya chini yake, na ya tatu, hata yakafika kwa jirani.