Siasa ya Ulaya Yatuhusu Nini?

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wazee wetu mliotutangulia katika shule hii,

Likizo iliyopita nilikwenda kwa mjomba wangu, upande wa Masaka, kumsaidia kuchuma kahawa. Jioni moja akaniuliza nitasoma nini nikijaliwa kuingia Chuo Kikuu. Nikamjibu, "Mjomba, nataka kusoma uhusiano wa mataifa, na hasa siasa ya Ulaya." Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa Kiganda maneno ambayo nayatafsiri hivi: "Mwanangu, Wazungu wenyewe wanaijua siasa yao. Wewe inakuhusu nini?" Mjomba ndiye anayenilipia karo, kwa hiyo swali hilo halikuwa la mzaha.

Siku ile sikuwa na jibu zuri. Nilitaja ubalozi, nikataja Umoja wa Mataifa, naye akacheka akaniuliza nchi yetu ina mabalozi wangapi na mashamba ya kahawa mangapi. Tangu muhula huu uanze nimekuwa nikilitafuta jibu, nami naliandika hapa kwa maana najua wako wengine katika madarasa ya juu watakaoulizwa swali hilo hilo watakapojaza fomu zao.

Kwanza niseme somo lenyewe ni nini, maana wengi hudhani ni kukariri majina ya mawaziri wakuu. Makerere hufundishwa ndani ya sayansi ya siasa, ambayo husomwa pamoja na masomo kama uchumi na elimu ya jamii, kwa muda wa miaka mitatu. Mwanafunzi huangalia jinsi dola zinavyotendeana: kwa nini zinapigana, kwa nini zinapatana, na mapatano yao hushikwa au huvunjwa kwa sababu gani. Atakutana na amani ya Westphalia ya 1648, na mkutano wa Vienna wa 1815, na mkataba wa Versailles wa 1919. Atakutana na wanazuoni kama Hans Morgenthau, aliyeshikilia kwamba kila dola hutafuta nguvu kwanza, na wengine wanaompinga vikali. Sisi tuliochukua Historia tumekwisha kuonja kidogo, kwa kuwa iko karatasi ya Ulaya inayoanza na Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789.

Wala si jambo geni kilimani Makerere. Tangu 1949 chuo kile kilifungamana na Chuo Kikuu cha London, na vijana wa Afrika Mashariki walifanya mitihani ya shahada za London papo hapo Kampala. Mwaka 1963 akaja Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, akawa profesa wa sayansi ya siasa akiwa na umri wa miaka thelathini na kidogo tu, akafundisha hapo mpaka 1973 katika siku za Amin. Kitabu chake Towards a Pax Africana kilitoka 1967, nacho chahusu jambo la Waafrika kuilinda amani ya Afrika wao wenyewe. Mtu huyu alisoma Manchester, New York na Oxford, na elimu aliyoipata huko aliigeuza ikawa maswali juu ya kwetu. Hilo ndilo ninalolipenda kwake, ingawa mwalimu wetu mmoja asema Mazrui alipenda mno ubishi.

Sasa nije kwenye jibu la mjomba. Nitalianza mbali, katika mwaka 1890.

Mwanzoni mwa mwaka huo Mjerumani mmoja, Carl Peters, alifika Buganda, na Kabaka Mwanga akatia sahihi mkataba naye. Basi ungedhani leo tungekuwa tunajifunza Kijerumani. Lakini tarehe 1 Julai mwaka ule ule, huko Berlin, Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mapatano yao wenyewe. Uganda ikaingia upande wa Waingereza. Wajerumani wakakubali Waingereza wawe walinzi wa Unguja. Nao Wajerumani, pamoja na mambo mengine, wakapewa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilometa 2 za mraba. Karatasi ya Peters na Mwanga ikafa siku hiyo.

Ukiisoma habari hii katika historia ya Uganda peke yake, utaona kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni. Kisome kisa cha Ujerumani cha mwaka ule, nawe utaelewa. Bismarck alikuwa ametoka madarakani mwezi wa Machi. Chansela mpya, Caprivi, hakuwa mpenzi wa makoloni. Alitaka urafiki na Uingereza. Tena Wajerumani walikuwa wakichimba mfereji wa Kiel, ulioanzwa 1887, ili merikebu zao zipite upesi kutoka bahari moja hata nyingine, na kisiwa kile kidogo kilikaa mbele ya mlango wa mto Elbe kama mlinzi langoni, nacho kilikuwa mikononi mwa Waingereza. Hizo ndizo sababu zilizouua mkataba wa Mwanga. Hazikuwamo Mengo hata moja. Lugard alipopiga kambi mwezi wa Desemba juu ya kilima ambacho sasa chaitwa Old Kampala, na Mwanga akatakiwa kutia sahihi mkataba mwingine, jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuamuliwa zaidi ya miezi mitano kabla.

Tafadhali chukua ramani uitazame kusini mwa Uganda. Mpaka wetu na Tanzania, toka Ziwa Victoria kwenda magharibi, umenyoka kama uliopigwa kwa rula. Ni mstari wa digrii 1 kusini ya ikweta, na ni mapatano yale ya 1890 yaliyoutaja. Mstari huo haukujali mto Kagera ulioko karibu, na kati ya mstari na mto ikabaki ardhi ambayo ni ya Tanzania. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika ardhi hiyo, naye akatangaza kwamba mpaka uwe mto. Nchi za Afrika zilikuwa zimeazimia Cairo, Julai 1964, kwamba mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru iheshimiwe. Yaliyofuata wazee wetu mnayajua kuliko mimi: vita vilifika hapa Kampala, na mji ukatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mjomba alikuwa mtoto wakati huo, na anakumbuka jinsi mji wa Masaka ulivyobomolewa kwa mizinga. Nilipomwonyesha mstari ule katika atlasi yangu, aliutazama muda mrefu.

Mfano wa pili ni wa hapa hapa Kampala, nao wafundisha namna ya kusoma mkataba. Mapatano ya Buganda yalitiwa sahihi tarehe 10 Machi 1900. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, kwa hiyo walitia sahihi walezi wake watatu, Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Kifungu cha 6 kilisema kwamba Serikali ya Uingereza itamtambua Kabaka maadamu yeye, machifu na watu wake wanashirikiana nayo kwa uaminifu. Maneno hayo yalilala kitabuni zaidi ya miaka hamsini. Ndipo mwezi wa Juni 1953 Waziri wa Makoloni akasema katika hotuba yake London maneno yaliyogusia shirikisho la Afrika Mashariki, na Buganda ikaingiwa na hofu. Kabaka Mutesa II akadai, pamoja na mambo mengine, kwamba habari za Buganda zitolewe katika Wizara ya Makoloni zirudishwe katika Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje.

Mwanafunzi asiyejua serikali ya Uingereza inavyogawanyika ataona dai hilo kuwa la ajabu. Lakini mpaka 1905 Uganda ilikuwa chini ya Wizara hiyo ya Nchi za Nje, na kuwa chini ya wizara hiyo kulikuwa na maana kwamba wewe ni taifa lililofanya mapatano, si koloni. Kabaka alijua anachodai. Gavana Cohen naye akakishika kifungu cha 6, akaondoa utambuzi, na tarehe 30 Novemba 1953 Kabaka akapelekwa Uingereza kwa ndege.

Watu wa Buganda walifanya mengi, lakini mimi napenda hili: walikwenda mahakamani juu ya kifungu kimoja. Mwaka 1954 Mahakama Kuu, hapa Kampala, ilisema kwamba Serikali ilikosea kukitumia kifungu cha 6 kwa jambo lile. Mwaka huo huo profesa wa historia, Sir Keith Hancock, alikuwa amekuja kutoka London kuuongoza mkutano wa Namirembe uliotengeneza mapatano mapya. Tarehe 17 Oktoba 1955 Kabaka alirudi. Sisemi kwamba mahakama peke yake ilimrudisha. Ila nasema kwamba walikuwapo watu walioweza kuwasomea Waingereza maneno ya Waingereza.

Narudi kwa mjomba na kahawa yake. Kabla sijarudi shuleni, walikuja vijana wawili wenye simu za mkononi, wakazunguka shamba lake la ekari mbili, wakaandika mipaka yake, jina lake, na mwaka alioanza kulima. Wakasema ni sheria ya Ulaya. Mjomba alidhani wanataka kumnyang'anya ardhi, na kwa kweli hawakumweleza vizuri.

Sheria yenyewe ilipitishwa 2023. Yahusu bidhaa saba: kahawa, kakao, ng'ombe, mafuta ya mawese, soya, mpira na mbao. Mwenye kuziingiza katika Umoja wa Ulaya lazima aonyeshe kwamba hazikutoka katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na aonyeshe shamba liko wapi. Kahawa yetu nyingi huuzwa huko, kwa hiyo mzigo wa kuonyesha umeshuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mjomba.

Nani aliitunga? Hapa ndipo wengi hujikwaa, na mimi nilijikwaa katika insha nikapata alama mbaya. Watu husema "Ulaya imeamua," kana kwamba Ulaya ni mtu mmoja. Umoja huo una nchi 27. Tume ya Ulaya, iliyoko Brussels, ndiyo inayoleta mswada. Bunge la Ulaya, ambalo wananchi hulichagua kila miaka mitano, hujadili na kubadili. Baraza la Mawaziri, linaloketi kwa niaba ya serikali za nchi, nalo hujadili na kubadili. Bunge na Baraza wasipokubaliana, hakuna sheria. Juu yao liko baraza jingine la wakuu wa nchi, ambalo hutoa mwelekeo tu. Tena msichanganye yote haya na Baraza la Ulaya la Strasbourg, lililoundwa 1949, ambalo si la Umoja huo kabisa. Uingereza ilitoka katika Umoja tarehe 31 Januari 2020, lakini katika Baraza lile la Strasbourg ingalimo. Na kwa kutuchanganya zaidi, Bunge la Ulaya nalo huketi Strasbourg!

Faida ya kujua haya ni kujua mlango wa kubisha. Kuanza kutumika kwa sheria ya misitu kumeahirishwa mara mbili, 2024 na tena 2025, kwa sababu wako waliobisha: wafanya biashara wa Ulaya, baadhi ya serikali za huko, na nchi zinazouza bidhaa. Anayedhani Ulaya ni mtu mmoja hukaa akingoja huruma ya mtu huyo.

Jambo kama hilo latukabili sisi wa Afrika Mashariki katika mkataba wa biashara na Umoja huo. Mazungumzo ya Jumuiya yetu yalimalizika 2014. Kenya na Rwanda zikatia sahihi 2016. Uganda na Tanzania hazikutia. Mwishowe Kenya ikafanya wake peke yake Desemba 2023, ukaanza kazi Julai 2024. Je, Kenya ilikosea, au sisi ndio tuliochelewa? Katika chama chetu cha mdahalo tuligawanyika sawa kwa sawa, na nusu ya waliosema, nadhani, hawakujua wanachopinga.

Sitaficha ubaya wa somo hili. Vitabu vingi vimeandikwa huko huko, na ukivisoma bila kuamka utaanza kuiona Afrika kama uwanja wa mpira wa watu wengine. Kazi nazo hazingoji mtu mlangoni. Tena Kiingereza peke yake hakitoshi. Ningependa niongeze Kifaransa, nami sijaanza.

Nimemwandikia mjomba barua ndefu yenye haya yote, pamoja na ramani. Amejibu kwa ukurasa mmoja. Ameuliza ni nani, katika mabaraza yale, aliyesema juu ya watu wa ekari mbili. Mijadala ya Bunge lile hutolewa wazi kwa watu wote, na tangu Jumamosi nimeanza kuisoma katika maktaba nikitafuta jina moja la kumpelekea. Habari ya karo hakuitaja.