Hesabu Siku za Kukwama, Siyo Kilomita

Likizo ndefu ikikaribia, makundi ya WhatsApp ya chuo hujaa mipango. Mmoja ana gari la mjomba, mwingine ana hema, wa tatu kaona picha za Ziwa Turkana. Basi inaanza: "Wadau, tunaondoka lini?" Bumu linamegwa, mchango unakusanywa, watu wanapiga hesabu ya kilomita, mafuta na malazi. Kwa safari ya Dar hadi Arusha hesabu hiyo inatosha. Kwa kaskazini mwa Kenya haitoshi, na somo hili linaeleza kwa nini.

Tuchukue mfano mmoja. Wanafunzi watano wanatoka Dar na Land Cruiser ya dizeli. Wanavuka mpaka Namanga, wanapita Nairobi na Isiolo, wanaiacha barabara kuu pale Laisamis na kuelekea Loiyangalani, mji mdogo ulio pwani ya kusini-mashariki ya Ziwa Turkana. Hadi Laisamis ni lami. Baada ya hapo kuna zaidi ya kilomita 200 za changarawe, mawe, mchanga na makorongo. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilitengenezwa ili kupitisha mitambo 365 ya mradi wa umeme wa upepo, lakini unaweza kwenda muda mrefu bila kukutana na gari jingine.

Watu wetu wa pwani waliijua nchi hiyo zamani. Msafara wa Samuel Teleki uliofika ziwani mwaka 1888 ulianzia safari yake Pangani, na miongoni mwa waliouongoza alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Pamoja na uzoefu wote huo, njaa na kiu viliwaua baadhi ya wapagazi. Nchi ile haimsamehe mtu kwa sababu ni jasiri.

Kanuni yenyewe

Usiulize, "Tutafika saa ngapi?" Uliza, "Gari likizima hapa, tutakaa siku ngapi kabla ya msaada kufika, na tutaishi kwa nini?" Tuseme jibu ni siku mbili. Hesabu zote zinazofuata zinaanzia kwenye jibu hilo.

1. Maji

Nyuzi joto 35 na zaidi ni jambo la kawaida kule. Weka lita 7 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Siku mbili za njiani, kwenda na kurudi, ongeza siku mbili za kukwama: jumla nne. Watu 5 × lita 7 × siku 4 = lita 140, yaani madumu saba ya lita 20. Maji ya rejeta yawe na dumu lake, yasihesabiwe humo.

Kuna atakayesema, "Si tunaenda ziwani?" Ni kweli, Turkana ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo katika jangwa. Lakini maji yake yana magadi na floraidi nyingi, na humo ndani kuna mamba. Usiliweke kwenye hesabu.

2. Mafuta

Jaza tanki Isiolo. Toka hapo hadi Laisamis tuseme kilomita 160 za lami, kisha 250 za njia mbovu. Kwenda na kurudi ni 320 za lami na 500 za njia mbovu. Ikiwa gari linakunywa lita 13 kwa kilomita 100 kwenye lami na 20 kwenye mawe na mchanga, unahitaji lita 42 na 100, jumla 142. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya kupotea njia na kuzunguka makorongo: inakuwa kama lita 189. Tanki likiwa la lita 90, zinabaki 99. Hayo ni madumu matano, na yawe ya chuma. Vijijini utakuta mafuta ya kupimiwa kwenye chupa, lakini leo yapo, kesho hayapo.

3. Uzito

Hapa ndipo wengi tunapochemka. Maji ni kilo 140. Dizeli ya akiba ni kilo 80 na kitu. Ongeza watu watano, mahema, chakula na matairi ya akiba. Tukiyapandisha madumu juu ya keria, gari linakuwa zito kichwani na kupinduka ni rahisi. Yakae ndani, chini, yamefungwa kamba. Na kama hayaenei, hesabu imeshakujibu: ama mwende watu wanne, ama mtafute gari la pili. Magari mawili ndiyo bora, kwa sababu moja likifa jingine linafuata msaada. Kumwambia rafiki "safari hii huendi" ni kugumu, lakini mwambieni mkiwa bado Dar.

4. Matairi na vifaa

Mawe ya volkano hukata matairi, kwa hiyo chukua ya akiba mawili, vifaa vya kuziba pancha na pampu. Kwenye mchanga punguza upepo, ukitoka mchangani jaza tena. Jeki bila kipande cha ubao cha kuweka chini yake itazama tu. Ongeza koleo, feni belti, chujio la dizeli na mipira ya rejeta. Kisha kila mmoja, siyo dereva peke yake, abadilishe tairi mara moja kabla ya kuondoka. Kama dereva ndiye aliyeumia, nani atafungua nati?

5. Karatasi

Mpakani beba paspoti, leseni, kadi halisi ya gari na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Gari la mjomba linahitaji barua ya idhini ya mjomba iliyothibitishwa na wakili. Bima ya kawaida huishia mpakani, kwa hiyo kata ile ya kadi ya njano ya COMESA. Fedha taslimu za Kenya ni lazima, maana pasipo na mtandao simu haikulipii kitu.

6. Usalama na mawasiliano

Wizi wa mifugo na mapigano hutokea katika maeneo hayo. Mei 2022 serikali ya Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku huko Marsabit. Ulizeni polisi na madereva wa malori Isiolo, kisha ulizeni tena Laisamis. Msiendeshe usiku. Korongo likiwa na maji, subirini: mvua iliyonyesha milimani mbali inaweza kuleta mafuriko mahali penye jua kali. Na nyumbani awepo mtu mmoja mwenye ratiba yenu kwa maandishi, yenye sentensi kama hii: "Tusipopiga simu hadi saa 6 mchana Alhamisi, wapigie hawa."

7. Wenyeji

Mtapita kwa Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo. Mjini Kiswahili kitawasaidia, vijijini msitegemee kila mzee anakijua. Mlipeni kijana wa huko awe mwongozaji. Salimieni kwanza, na picha hadi mruhusiwe.

Kubwa kuliko yote ni hili. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, na mifugo mingi ikafa. Mgeni akikwama na kuomba maji, watu wale watampa. Lakini dumu analopewa mwanafunzi aliyekuja kupiga picha limetoka kwenye kinywa cha mtoto au cha ngamia. Kwa hiyo madumu yale saba si ya kuwaokoa ninyi tu. Mnayabeba ili msiwe mzigo kwa watu wasio na cha ziada.

Zoezi

(a) Rudia hesabu ya maji kwa watu wanne na siku tatu za kukwama. Linganisha na jibu la hapo juu, kisha ueleze matokeo hayo yanakufundisha nini.

(b) Chukua safari ambayo kundi lenu linaipanga sasa hivi. Taja mahali pabaya zaidi pa gari kuzima, na uandike majina matatu ya watu watakaopigiwa simu. Kama hamyapati majina matatu, safari yenu bado haijaiva.