Unahamia Jimbo Jingine? Vidokezo 11 vya Kuivusha Leseni Yako ya Umeme Mdogo

Kazi imepatikana Dallas, nyumba imepatikana, watoto wameshaanza kuulizia shule mpya. Wewe ni fundi wa umeme mdogo mwenye leseni safi ya Minnesota: unafunga kamera, unavuta nyaya za mtandao, unaweka kengele za wizi na milango ya kadi. Sasa unajiuliza, leseni nayo inahama? Tulia, jasho lako halipotei. Kuanzia Wakenya wa Minnesota hadi Wakongo wa Texas, watu wetu wamezoea kuifuata riziki ilipo, na mkandarasi aliyejipanga mapema anaweza kulivuka jimbo bila kuanza maisha upya. Haya, twende kazi!

1. Tuwekane sawa kwanza: utapewa mpya

Serikali kuu ya Marekani haitoi leseni ya ukandarasi wa umeme mdogo. Kila jimbo lina utaratibu wake, fomu zake na ada zake. Usitarajie kupeleka leseni ya zamani dirishani, ikagongwa muhuri, ukaondoka nayo. Unaomba leseni mpya, na ile ya zamani inakuwa shahidi wako ili upunguziwe masharti. Ukilielewa hilo mapema, utajua pa kuweka nguvu: kukusanya ushahidi, kuutunza na kuufikisha kwenye bodi ya leseni ukiwa kamili. Mengine yote ni foleni.

2. Tafuta kazi yako iko fungu gani

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tukae kidogo. California ina daraja la C-7, la mifumo isiyozidi volti 91: simu, sauti, kamera, hata zile taa ndogo za bustanini. Lakini ving'ora vya moto havimo kabisa. Hivyo ni vya mwenye C-10, mkandarasi wa umeme kamili. Georgia imegawa umeme mdogo mafungu manne: LV-A ya kengele, LV-T ya mawasiliano, LV-G ya mifumo ya jumla, na LV-U isiyo na mipaka hiyo. Florida, mkandarasi wa kengele wa daraja la I anaruhusiwa kushika mifumo ya moto, wa daraja la II haruhusiwi. Oregon nako fundi wa daraja A anaigusa, wa daraja B haigusi.

Halafu kuna Texas, ambako hutakuta leseni moja ya jimbo iitwayo ya umeme mdogo. Kamera, kengele za wizi na milango ya kadi ziko chini ya Idara ya Usalama wa Umma, kwenye kitengo kinachosimamia ulinzi binafsi. Ving'ora vya moto viko kwa Mkuu wa Zimamoto wa jimbo, ambaye ofisi yake iko ndani ya Idara ya Bima. Kwa hiyo fundi aliyezoea kufanya yote kwa LV-U moja ya Georgia, akifika Texas anabisha hodi milango miwili.

Mbinu ya haraka ni hii: chukua ankara zako kumi za mwisho. Pembeni ya kila moja andika neno moja: moto, wizi, kamera, data au sauti. Kisha piga simu jimbo jipya na usome orodha hiyo, kazi moja baada ya nyingine, ukiuliza kila mara: "Hii inahitaji leseni ipi?" Simu ya dakika 20 inaweza kukuokoa miezi ya kuomba daraja lisilo lako.

3. Uliza swali lenye meno

Ukiuliza "Mnatambua leseni ya kwetu?" utajibiwa ndiyo au hapana, na majibu yote mawili hayatakusaidia. Uliza hivi: "Mnanisamehe kipi, na kwa sharti gani?" Chukua California. Ina makubaliano ya kutambuliana na majimbo kama Arizona, Nevada na Louisiana kwa baadhi ya madaraja. Mwenye sifa husamehewa mtihani wa ufundi, alimradi leseni yake imekuwa hai na safi kwa miaka 5 iliyotangulia. Mtihani wa sheria na biashara unabaki pale pale. Mtu aliyesikia tu kwamba "California na Nevada wanaelewana" anaweza kufika bila kusoma ukurasa hata mmoja!

Arizona nayo, mwaka 2019, ilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria pana ya kutambua leseni za kazi za majimbo mengine kwa wakazi wapya, na mengine yakafuata. Ni sheria nzuri, lakini inamtazama mtu binafsi. Kampuni yako bado ina fomu zake. Majibu yote ya bodi yaombe kwa baruapepe. Ya simu hayana ushahidi.

4. Leseni ya zamani isife mikononi mwako

Kishawishi kipo: unahama, kwa nini ulipie tena ada ya huko unakotoka? Lipia! Jimbo jipya litataka uthibitisho kwamba leseni yako iko hai na haina malalamiko yaliyofunguliwa. Mara nyingi uthibitisho huo lazima utoke bodi ya zamani kwenda bodi mpya moja kwa moja, bila kupita mikononi mwako. Uombe kabla hujafunga mizigo. Kama kuna mteja wa zamani mwenye lalamiko dogo, kamera inayozimika au kengele inayolia ovyo, nenda ukamalize. Lalamiko moja lililo wazi linaweza kulisimamisha faili zima.

5. Barua ya uzoefu iseme kazi, isiseme tabia

"Alikuwa mfanyakazi mwaminifu na mchapakazi." Inapendeza, lakini afisa wa bodi hana pa kuiweka. Barua inayopita inasema hivi: "Kuanzia Machi 2019 hadi Juni 2023, saa 40 kwa wiki, alivuta na kupima nyaya za Cat6, alifunga paneli za kengele, aliweka kamera na vifaa vya kufungua milango kwa kadi, na alisoma michoro bila kusimamiwa." Umeona tofauti? Tarehe, saa, vifaa, kiwango cha ufundi. California inataka miaka 4 ya kazi ya ngazi ya fundi kamili ndani ya miaka 10 iliyopita, na Washington humtaka fundi wa fungu la 06, yaani la umeme mdogo, awe na saa 4,000 za kazi. Namba hizo haziwezi kutoka kwenye sifa nzuri peke yake.

Mwandikie bosi wako rasimu, mpelekee, aisome na kuisahihisha, kisha atie saini akithibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mabosi wengi hushukuru, kwani kazi ya kuandika hawaipendi. Na fanya hivyo wakati mngali mnaonana. Kampuni hufungwa, watu hubadilisha namba.

Je, una miaka ya Dar au Nairobi? Leseni ya EWURA ya Tanzania au EPRA ya Kenya haitakupa leseni ya Marekani, lakini barua za kazi za huko usizitupe. Iulize bodi kama itaihesabu miaka hiyo iwapo yupo mtu aliyekuona kazini kwa macho yake na yuko tayari kuithibitisha.

6. Majina matatu, mpangilio mmoja

Hili linatuhusu sisi hasa. Jina lako, la baba, la babu. Kwenye pasipoti yapo matatu, kwenye leseni ya udereva mawili, kwenye cheti cha chuo yamegeuzwa, na benki wameandika Ally badala ya Ali. Kwako ni mtu yule yule. Kwa kompyuta ya bodi hao ni watu wanne. Chagua mpangilio ulio kwenye kitambulisho chako cha serikali na uutumie kila mahali: fomu, dhamana, bima, usajili wa mtihani. Nyaraka zilizokwisha kutoka na jina tofauti zirekebishwe sasa, au ambatanisha hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu mmoja.

7. Kampuni nayo inabisha hodi

Kampuni iliyosajiliwa Georgia ni mgeni ikifika Florida, hata kama ofisi ni ile ile kwenye buti la gari. Utaisajili kama kampuni ya nje ya jimbo, kwa kawaida kwenye ofisi inayosajili kampuni za jimbo hilo, na utahitaji wakala mwenye anwani ya huko wa kupokea barua za kisheria. Pia mteue anayebeba leseni ya kampuni, yaani yule aliyefaulu mtihani na anayewajibika kwa kazi. Kama ni wewe, vizuri. Kama ni mwenzako aliyebaki jimbo la zamani, mambo hayajakamilika. Zingatia na jina la kampuni: herufi, mkato na nukta vilingane kote.

8. Dhamana ya dola 25,000 isikutie homa

California inataka dhamana ya mkandarasi ya dola 25,000, kiwango kilichoanza Januari 2023. Ukiisoma haraka unaweza kukata tamaa. Pumua! Huweki hizo fedha mezani. Unailipa kampuni ya dhamana ada ya mwaka, ambayo ni sehemu ndogo ya kiasi hicho na hutegemea sana rekodi yako ya mikopo. Miezi michache kabla ya kuhama, kagua rekodi hiyo na usafishe madeni yaliyochelewa. Omba bei kwa mawakala watatu.

Bima ya fidia ya wafanyakazi ina mtego wake. Ohio, Washington, North Dakota na Wyoming huiuza kupitia mfuko wa serikali ya jimbo, si kampuni binafsi. Ukienda huko, wakala wako wa zamani hataweza kukuuzia.

9. Soma toleo sahihi la kitabu

Kanuni za umeme za NEC hutolewa upya kila baada ya miaka 3, na kila jimbo huamua litumie toleo gani na lini. Unaweza kutoka penye toleo la 2020 ukafika penye la 2023. Kwetu tofauti hiyo si ndogo: toleo la 2023 liliziondoa saketi za daraja la 1 kwenye Kifungu cha 725 na kuzipeleka 724, na likaongeza 726 kwa ajili ya daraja la 4. Uliza toleo kabla ya kununua kitabu. Uliza pia kama mtihani unaruhusu kuingia nacho. Kama unaruhusu, weka vibandiko vya rangi kwenye 725, 760 ya ving'ora vya moto na 800 ya mawasiliano, kisha jizoeze kuvifikia bila kutafuta. California hawaruhusu kitabu, kwa hiyo huko ni kichwa chako na kalamu.

10. Vipake mafuta vidole vyako

Ndiyo, vidole! Bodi nyingi huchukua alama zake ili kukagua historia yako. Mikono ya fundi inajulikana: imekata nyaya, imetoboa jipsamu, imevuta kebo darini mpaka ngozi imesuguka. Alama zisizosomeka hurudishwa, na wiki zinapotea. Siku kadhaa kabla, vaa glavu kazini na upake mafuta mazito kila usiku, ila asubuhi ya kuchukuliwa alama nawa, mikono iwe mikavu. Wanaoomba California wakiwa ndani ya jimbo hutumia mashine ya Live Scan. Walio nje ya jimbo hutuma kadi.

Na kama wewe ni mwanajeshi au mwenza wa mwanajeshi, kuna karatasi moja zaidi ya kuandaa, nayo ni bahati ya ziada: tangu Januari 2023 sheria ya shirikisho inawasaidia wanaohamishwa kwa amri ya jeshi kuendelea kutumia leseni zao za kazi katika jimbo jipya, kwa masharti. Ambatanisha nakala ya amri ya uhamisho.

11. Usiguse kazi kabla ya karatasi

Shemeji ana duka, anataka kamera nne tu, wikendi hii. Mwambie asubiri. California, tangu 2025, leseni inahitajika kazi ikifikia dola 1,000 kwa jumla, vifaa vikiwemo. Na hata chini ya hapo, kama inahitaji kibali cha ujenzi au umeajiri msaidizi. Anayefanya ukandarasi bila leseni huko hawezi kumshitaki mteja asiyelipa, na mteja anaweza kudai arudishiwe hata alichokwisha kulipa. Kazi umefanya, vifaa umenunua, na fedha zimerudi kwake.

Riziki wakati unasubiri? Ajiriwa kwa mkandarasi mwenye leseni. Utalipwa, utawajua wakaguzi wa jiji, utajifunza bei za huko. Uliza tu kama fundi mwajiriwa naye anahitaji kadi yake, maana Washington na Oregon humtaka fundi mwenyewe awe nayo, na Florida mawakala wa kengele za wizi hupitia mafunzo ya saa 14.

Basi, fundi, leo kabla hujafunga boksi la kwanza, iandikie bodi yako ya sasa kuomba uthibitisho wa leseni, na mpigie bosi wako wa zamani kuhusu ile barua. Hayo mawili ndiyo yanayotegemea watu wengine, kwa hiyo anza nayo. Kila la heri huko uendako!