Printa isiyo na waya: vidokezo vya kuiunganisha nyumbani

Mtoto anakumbuka saa mbili usiku kwamba kazi ya likizo inatakiwa kesho asubuhi, kurasa kumi, na steshenari ya mtaani imeshafungwa. Siku hiyo ndiyo utakayoiona thamani ya printa ya nyumbani. Kuiunganisha na waifai hakuhitaji fundi. Wengi wanaokwama hukwama mahali pamoja tu: printa na simu haziko kwenye mtandao mmoja. Shika hilo tangu mwanzo.

1. Itafutie mahali pake kwanza. Iwe karibu na soketi ya ukutani na isiwe mbali sana na rauta. Ukuta wa zege na mlango wa chuma hudhoofisha mawimbi, na maikrowevu ikiwa inapasha chakula huyavuruga. Dirishani kwenye vumbi la barabara usiiweke kabisa.

2. Bandua tepu zote. Printa mpya huja imebanwa kwa vipande vya tepu ya rangi, vingine ndani kabisa, pale panapopita katriji. Fungua kila mfuniko utazame. Printa za matangi hunyonya wino kwa dakika kadhaa mara ya kwanza, ziache zimalize.

3. Anza na gigahezi 2.4. Hapa ndipo penye kazi. Rauta nyingi za sasa hurusha mitandao miwili, wa gigahezi 2.4 na wa gigahezi 5. Wa 5 una kasi lakini haufiki mbali, wa 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, na printa nyingi za bei nafuu huona huo tu. Ndiyo maana simu inaweza kuona jina la waifai yako na printa isilione. Wakati wa kuunganisha, iweke simu kwenye 2.4. Ikiwa rauta imeipa mitandao yote miwili jina moja, ingia kwenye mipangilio yake uzime 5 kwa muda. Ukimaliza, iwashe tena. Kwa kawaida simu iliyo kwenye 5 bado itaiona printa iliyo kwenye 2.4, kwa kuwa rauta ni ile ile. Mtandao wa wageni ndio usiutumie. Rauta nyingi huutenga makusudi ili anayeutumia asifikie vifaa vya mwenye nyumba, printa ikiwamo.

4. Zima data ya simu. Printa mpya hurusha waifai yake ya muda, na programu ya mtengenezaji huiomba simu ijiunge nayo. Waifai hiyo haina intaneti, kwa hiyo simu huikimbia na kurudi kwenye bando kimyakimya, nawe unabaki kutazama kiduara kikizunguka. Nilipoteza jioni nzima kabla ya kuligundua hilo. Pia iruhusu programu kutumia Bluetooth na kujua mahali ulipo. Kwenye simu nyingi za Android, bila ruhusa hizo utafutaji hautoi kitu.

5. Printa haina skrini? Tumia kitufe cha WPS, kama rauta yako inacho. Bonyeza cha printa kama kitabu chake kinavyoelekeza, kisha cha rauta ndani ya dakika 2. Nywila haihitajiki.

6. Huenda huhitaji programu ya ziada. iPhone zinachapa kwa AirPrint tangu 2010, na Android kuanzia toleo la 8 la mwaka 2017 ina huduma yake ya kuchapa. Bando la nyumbani likiisha pia usihofu: faili iliyomo kwenye simu hupita kwenye rauta hadi kwenye printa bila kutoka nje. Lakini soma boksi vizuri kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya printa hudai intaneti muda wote na kukataa wino usio wa kampuni yao. Kwa nyumba inayonunua bando la siku, printa ya namna hiyo siishauri.

7. Jiandae kwa umeme kukatika. Ukirudi, rauta huweza kuipa printa anwani mpya ya IP, na laptopu ikaendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani. Washa rauta kwanza, subiri mpaka mtandao utulie, ndipo uwashe printa. Hilo likijirudia, ingia kwenye mipangilio ya rauta uitengee printa anwani ya kudumu. Ni kazi ya dakika chache.

8. Izime kwa kitufe chake, usichomoe waya. Printa ya wino ikizimwa kwa kitufe hurudisha kichwa chake mahali pake na kukifunika. Ukiikatia umeme ghafla, kichwa hubaki wazi na wino hukauka kwenye matundu yake. Na hata kama hakuna cha kuchapa, toa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Picha ndogo aliyochora mtoto inatosha.