Minnie Spotted Wolf, Binti wa Wafugaji

Katika nchi ya Marekani, upande wa kaskazini, liko jimbo liitwalo Montana, ambalo limepakana na Kanada. Ni nchi ya nyasi nyingi na upepo mkali, na upande wake wa magharibi imesimama Milima ya Rocky, ambayo wakati wa baridi huwa myeupe kwa theluji. Chini ya milima hiyo hukaa watu wa kabila la Blackfeet, ambao ni wenyeji wa asili wa Amerika. Zamani walikuwa mabwana wa nchi kubwa, wakiwinda nyati. Lakini wageni walipoenea, nyati waliangamizwa, na watu wale wakabakiwa na sehemu ndogo tu ya nchi yao. Ndipo wengi wao waliposhika kazi ya kufuga ng'ombe na farasi.

Katika watu hao, karibu na kijiji cha Heart Butte, alizaliwa Minnie Spotted Wolf mwaka wa 1923. Jina la ukoo wake maana yake ni Mbwa-mwitu mwenye Madoadoa. Alipozaliwa, wengi katika wenyeji wa asili walikuwa bado hawahesabiwi kuwa raia katika nchi ya babu zao wenyewe. Sheria ya kuwapa wote uraia ilitolewa mwaka uliofuata, yaani 1924.

Baba yake alikuwa na shamba la mifugo, na kazi ya shamba hilo haikuchagua mwana wala binti. Minnie alikata nguzo za ua, akaendesha lori la tani 2, akafunza farasi wakali hata wakakubali kupandwa. Kazi hiyo ya kufunza farasi yataka moyo na subira. Mtu akiogopa, farasi humtambua mara moja. Na akimpiga kwa hasira, mnyama huzidi ukali. Siku ya jua na siku ya theluji, mifugo hutaka kuangaliwa vile vile. Hivyo shamba lilikuwa shule yake ya kwanza, ingawa halikuwa na ubao wala chaki.

Mwezi wa Desemba 1941 Marekani iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia. Minnie alikuwa ametimiza umri wa miaka 18, naye alitamani kuingia jeshini. Lakini afisa mwenye kuandikisha askari alimwambia kwamba vita si kazi ya wanawake. Basi akaendelea na kazi za nyumbani, ila nia yake haikufa.

Mwezi wa Februari 1943 mlango uliokuwa umefungwa ulifunguliwa. Jeshi la Marines, yaani askari wapiganao baharini na nchi kavu pia, liliunda kikosi cha wanawake. Sababu ni kwamba wanaume walihitajiwa kwenda kupigana katika visiwa vya Pasifiki, na kazi walizoziacha katika ofisi, bohari, karakana na magari zilitaka watu. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Minnie aliandikwa. Akawa mwanamke wa kwanza wa wenyeji wa asili wa Amerika kuingia katika jeshi hilo.

Mafunzo ya askari wapya si mchezo. Lakini Minnie alipoulizwa habari zake, alisema kwamba yalikuwa magumu, ila si magumu mno. Hakusema hivyo kwa majivuno. Aliyezoea kukata nguzo na kumtuliza farasi mkali, mwili wake na moyo wake vilikuwa vimekwisha kutayarishwa. Wahenga walisema kweli: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Alipokwisha kuhitimu, alipewa kazi ya kuendesha magari makubwa ya mizigo, kazi ambayo siku zile ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Alitumikia katika kambi za California na visiwa vya Hawaii, na mara nyingine aliwaendesha majenerali waliokuja kukagua. Habari zake zilichapwa hata katika hadithi za picha za watoto. Yule aliyeambiwa kwamba vita si kazi yake, sasa maafisa wakubwa walikaa garini mwake, wakiyatia maisha yao mikononi mwake.

Mwaka wa 1947, baada ya miaka 4 ya utumishi, aliagana na jeshi. Angeweza kukaa katika miji mikubwa ambako jina lake lilijulikana, lakini alirudi Montana kwa watu wake. Akaolewa na mkulima, wakapata watoto wanne. Kisha akarudi tena kwenye vitabu, akajifunza ualimu, akawafundisha watoto wa kwao kwa muda wa miaka 29. Hata katika miaka yake ya baadaye, binti yake alisimulia, aliweza kuwashinda wanaume kwa kupanda farasi.

Minnie Spotted Wolf alifariki mwaka wa 1988. Mwaka wa 2019 sehemu ya barabara kuu ya nchi ya kwao ilipewa jina lake, ili wapitao wamkumbuke. Lakini ukumbusho wake si kibao cha barabarani tu. Aliwatumikia askari kwa miaka 4, na watoto kwa miaka 29. Na wale waliojifunza kusoma na kuhesabu mbele yake walichukua kazi ya mikono yake hadi majumbani mwao.

Mtoto atekaye maji, achungaye mbuzi au apaliliaye shamba asidhani kwamba siku yake imepotea. Hajui bado kazi hiyo inamtayarisha kwa jambo gani. Naye aliyepata elimu na heshima mbali na kwao asisahau njia ya kurudi.

MASWALI

1. Kwa nini watu wa Blackfeet waliacha kuwinda nyati?
2. Taja kazi tatu alizofanya Minnie katika shamba la baba yake.
3. Kwa nini jeshi la Marines liliwakubali wanawake mwaka wa 1943?
4. Eleza jinsi kazi za shamba zilivyomsaidia Minnie jeshini.
5. Katika utumishi wa Minnie jeshini na utumishi wake shuleni, ni upi ulio mkubwa zaidi? Toa sababu zako.