Somo kwa vijana na wazazi: Furaha ya mtoto anayeitwa kwa tabaka lake

Safari hii tunajifunza jambo la India, lakini mkilisoma polepole mtaona haliko mbali nasi.

Huko watu wengi huzaliwa ndani ya tabaka, na hawatoki humo kwa mali wala kwa shule. Walio chini kabisa hujiita Dalit, yaani waliopondwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 iliandika zaidi ya milioni 200 katika matabaka hayo, na Dalit walio Wakristo hawamo katika hesabu hiyo. Katiba ya mwaka 1950 ilikataza kumfanya mtu kuwa "asiyeguswa". Sheria ipo, lakini mazoea ni kitu kingine.

Kamati iliyoandika katiba hiyo iliongozwa na Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika watu hao hao. Alipokuwa mtoto, darasani alikalia gunia alilolibeba kutoka nyumbani, na jioni akarudi nalo. Kiu ikimshika hakuruhusiwa kugusa bomba. Mtumishi wa shule ndiye alimfungulia. Mtumishi asipokuwepo, mtoto hakunywa. Maji yalikuwepo, jamani!

Tena kuna jaribio lililofanyika vijijini Uttar Pradesh, watafiti Karla Hoff na Priyanka Pandey wakalitangaza mwaka 2004. Wavulana 642 wa shule, nusu wa matabaka ya juu na nusu wa chini, walipewa michoro ya njia zilizopindapinda watafute pa kutokea. Tabaka lisipotajwa, wa chini walifanya sawa na wenzao. Lakini yalipotajwa mbele ya wote jina la mtoto, la baba, la babu na la tabaka, wale wa chini walishuka sana. Akili zao hazikupungua kwa dakika chache. Kilichopungua ni tumaini kwamba watatendewa haki.

Ndiyo sababu kumwambia kijana "vumilia, usijali" hakutoshi. Anayetangazwa kila siku hawezi kujipa furaha peke yake. Wa kwanza kunyamaza ni yule mwenye mdomo wa kumtangaza: mwalimu, jirani, na hata mzee wa kanisa, maana India kuna makanisa ambako Dalit walitengewa viti na hata makaburi.

Na sisi tuliotoka Burundi na Kongo? Tunafahamu nyumba ambazo Mtwa hakupewa kikombe kimoja na wengine. Watoto wa nyumba hizo wamekuja na desturi hiyo mpaka hapa, wala hawakuipanga wao.

Maswali ya kujadili Jumamosi, wazazi wakiwepo:
Katika kwaya yetu, nani huitwa kwa kabila lake badala ya jina lake?
Kikombe cha maji kikizunguka, kinamruka nani?