SOMO: KUCHAGUA GITAA LA BESI LITAKALOMFAA ANAYEANZA



Somo letu la leo ni la vikundi vya vijana na kwaya ambazo zinataka kununua gitaa la besi kwa mara ya kwanza. Tutaanza na kosa letu wenyewe, ili nyinyi msilirudie.

Kikundi chetu kilifanya harambee, pesa ikapatikana. Tukatuma watu wawili mjini. Walirudi na besi ya nyuzi tano, nzito, yenye shingo ndefu, inang'aa kweli kweli. Kila mtu alifurahi. Aliyechaguliwa kuipiga alikuwa msichana wa miaka 14, mwenye sikio zuri kutushinda sote. Baada ya miezi miwili akaanza kukosa mazoezi. Sisi tukasema ni uvivu. Kumbe kifundo cha mkono kilikuwa kinamuuma hata usiku, na aliogopa kutuambia kwa sababu pesa ilikuwa ya watu wote! Siku tulipoazima besi fupi kwa jirani, alipiga karibu saa nzima bila kulalamika.

Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulinunua kitanda bila kumwita wa kukilalia. Basi, tuangalie mambo manne.

1. Urefu wa uzi
Chukua tepu ya fundi wa nguo. Pima kutoka pale nyuzi zinapoanzia juu ya shingo mpaka kwenye daraja, pale zinapoishia. Besi nyingi zina inchi 34, yaani sentimita 86. Huu ndio urefu uliozoeleka tangu Leo Fender alipotoa Precision Bass huko Marekani mwaka 1951. Lakini ziko fupi za inchi 30, yaani sentimita 76, na za katikati za inchi 32.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mkono. Ukiweka kidole cha kwanza kwenye nafasi ya kwanza na cha mwisho kwenye nafasi ya nne, katika besi ndefu unatanua mkono kama sentimita 13. Katika fupi ni kama 11 na nusu. Mtu mzima mwenye mkono mkubwa hataona shida. Mtoto ataona.

Wengine husema ati besi fupi ni ya watoto tu. Si kweli. Paul McCartney wa Beatles alijulikana dunia nzima kwa Höfner yake, ambayo ni fupi. Sauti yake ni ya mviringo na laini kidogo. Ile ndefu husikika wazi zaidi kwenye uzi mnene. Jambo moja tu: besi fupi huhitaji nyuzi za urefu wake. Uliza kwanza kama utazipata.

2. Upana wa shingo
Shingo ya Jazz Bass, iliyotoka mwaka 1960, ina upana wa milimita 38 hivi pale juu. Nyingine hufika 41 mpaka 44, na za nyuzi tano huzidi hapo. Anayeanza anatosheka na nyuzi nne. Uzi wa tano unaongeza upana, na sauti yake nzito sana inadai spika kubwa. Huo usubiri.

3. Uzito
Besi nyingi zina kilo 3 na nusu mpaka 4 na nusu. Vaa mkanda, simama, kisha achia mikono polepole. Je, shingo inaanguka chini? Ikianguka, mkono wa kushoto utafanya kazi mbili: kupiga na kubeba. Hapo ndipo maumivu huanza. Mkanda mpana husaidia bega, lakini hauondoi kosa hilo lote.

4. Nyuzi kuwa juu mno
Tazama katikati ya shingo, kwenye chuma cha 12. Nafasi kati ya uzi na chuma ikiwa milimita 2 au 3, ni sawa. Ikizidi sana, mpigaji atabonyeza kwa nguvu nyingi na kuchoka upesi. Fundi anaweza kurekebisha, kwa hiyo usikatae besi nzuri kwa sababu hii peke yake. Lakini kama shingo imepinda kama upinde na fundi hawezi kuinyoosha, wacha.

Mkifika dukani
Nendeni na atakayepiga. Mpeni dakika 15, akiwa ameketi na pia akiwa amesimama. Msiangalie rangi kwanza. Muulizeni mkono unasemaje, na mumwache ajibu bila haya.

Mkiwa tayari mna besi ndefu, msiitupe. Mpigaji aanzie nafasi ya tano kwenda mbele, ambako vyuma vimekaribiana. Akirudi nyuma, atumie cha kwanza, cha pili, na cha mwisho kikisaidiwa na cha pete. Wapigaji wa besi ile kubwa ya kusimama wamefundishwa hivyo miaka mingi.

Pia mjue kutofautisha maumivu. Ncha za vidole kuuma wiki za kwanza ni kawaida, ngozi itakomaa. Kifundo cha mkono kuuma au vidole kufa ganzi si kawaida. Apumzike, na kikundi kitafute sababu kabla ya kumlaumu.

Msichana wetu anapiga mpaka sasa. Ile ya nyuzi tano tuliiuza kwa hasara, tukanunua fupi iliyotumika.

Maswali ya kujadiliana
1. Katika kikundi chetu, nani huamua chombo kitakachonunuliwa? Mwenye kukitumia huulizwa?
2. Je, yuko mtu tuliyemwita mvivu kumbe anaumia?
3. Pimeni besi mliyo nayo. Inamfaa nani kati yenu?